Derbyshire: majumba yaliyookolewa kwa kusahauliwa

Ukitoka London kwa barabara kuu ya M1 kwenda kaskazini, baada ya saa mbili na ushei unakuwa ndani ya kaunti ya Derbyshire. Huko, juu ya kilima cha mkono wa kulia, utaliona jumba la Hardwick: minara sita na madirisha makubwa, kiasi kwamba jua la jioni likiyapiga jumba zima hung'aa kama taa ya chemli. Kilomita chache mbele, juu ya kilima cha mkono wa kushoto, lipo jumba jingine liitwalo Sutton Scarsdale. Hilo ukilitazama vizuri unaona mawingu kupitia madirishani. Halina paa, halina sakafu, ni kuta tu za mawe zilizosimama.

Hardwick lina zaidi ya miaka 400. Sutton Scarsdale lilianza kujengwa mwaka 1724, karne nzima na zaidi baada ya mwenzake. Kwa hiyo mkubwa yu hai na mdogo ni gofu. Mgeni akiuliza sababu huambiwa kwamba Waingereza wanathamini vya kale. Jibu hilo halinitoshi, maana waliolivua Sutton Scarsdale paa lake walikuwa Waingereza hao hao, tena si zamani za kale bali baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Nadhani swali la kwenda nalo Derbyshire ni hili: kati ya majengo yote yaliyowahi kusimama pale, haya ya leo yalisalimika vipi?

Tuanze na risasi. Sisemi ya bunduki, nasema madini yenyewe, yale mazito na laini. Vilima vya Derbyshire vilichimbwa risasi tangu enzi za Warumi, na koo nyingi kubwa za kaunti hii zilinenepa kwayo. Mabamba ya risasi ndiyo yaliyoezekwa juu ya majumba na makanisa, na jengo, kama ajuavyo kila mwenye nyumba, huanza kufa kutokea juu. Mjini Chesterfield utaona risasi inavyoweza kuwa mlinzi na mharibifu kwa pamoja. Mnara wa kanisa la Mtakatifu Maria, uliojengwa karne ya 14, una urefu wa mita 69 hivi, na ncha yake imepinda na kujisokota kama kitambaa kinachokamuliwa. Imehama karibu mita tatu kutoka mahali pake. Mafundi walitumia mbao mbichi, kisha wakazitwika tani zaidi ya 30 za risasi. Mbao zikakauka zikijikunja, na jua likawa linapasha upande mmoja wa mabamba kuliko mwingine. Wenyeji wana maelezo yao: siku moja aliolewa pale bikira, mnara ukageuka kutazama muujiza huo, na siku utakapomwona wa pili utanyooka. Unaonekana vizuri kutoka kituo cha treni, na haujanyooka bado.

Hardwick ni hadithi ya mwanamke mmoja. Elizabeth, ambaye historia inamwita Bess wa Hardwick, alizaliwa papo hapo katika familia ya wenye ardhi wa kawaida, akaolewa mara nne, na kila ndoa ikampandisha ngazi. Mume wa nne, Earl wa Shrewsbury, alifariki mwaka 1590. Bess alikuwa na umri wa miaka 60 na zaidi, na tayari alikuwa akijenga nyumba nyingine kwenye kilima hichohicho. Hakuimaliza kwanza. Alianzisha ya pili hatua chache tu kutoka hapo, na mwaka 1597 akahamia. Ile ya kwanza leo ni magofu, nayo hutazamwa na wageni walewale, kwa hiyo kilima kimoja kinakupa jumba na kivuli chake.

Vioo wakati huo vilikuwa mali ya anasa, na Bess alivitumia kama mtu anayetandaza fedha mchana kweupe. Watu wa huko hutania mpaka leo kwamba jumba lake lina vioo kuliko kuta. Ukisimama uwanjani na kuinua macho, tazama jinsi madirisha yanavyozidi kurefuka kadiri unavyopanda: ya chini, kwa watumishi, ni mafupi, ya katikati, kwa familia, ni ya wastani, ya juu kabisa, kwa wageni wa heshima, ni marefu kupita yote. Cheo kimesomeka nje kabla hujabisha hodi. Na kama bado hujaelewa nyumba ni ya nani, juu ya minara zimechongwa herufi ES, yaani Elizabeth Shrewsbury, zikipunga angani. Hekima ya kujificha hakuwa nayo mama huyu, na mimi nampenda kwa hilo.

Lakini hebu tumfuate Bess kwenye nyumba yake nyingine ya awali. Yeye na mume wake wa pili, William Cavendish, walianza kujenga jumba la Chatsworth mwaka 1552, ng'ambo ya magharibi ya kaunti, kando ya mto Derwent. Nalo lilikuwa fahari ya wakati wake. Nenda Chatsworth leo ulitafute. Hulipati. Kuanzia mwaka 1687 mwana wa kitukuu wake, aliyekuja kuwa Duke wa kwanza wa Devonshire, alilibomoa upande mmoja baada ya mwingine na kulijenga upya kwa mtindo uliokuwa ukitamba. Waliomfuata wakaongeza, wakahamisha, wakapamba. Cha Bess kilichobaki pale ni vitu vichache vya pembeni, kama mnara wa mawindo ulio juu msituni.

Ukiyaweka majumba haya mawili pamoja utaiona kanuni ninayoisema. Chatsworth lilipendwa, ndiyo maana halikubaki kama lilivyokuwa. Hardwick lilikuwa kilimani penye baridi na upepo, warithi haohao wa Devonshire hawakulitaka, wakaliachia wajane na misimu ya mawindo. Hakuna aliyeona haja ya kulipa pesa ili kulibadilisha. Wakati huohuo ukoo haukuwa maskini kiasi cha kushindwa kuziba paa. Jengo la kale linahitaji mambo hayo mawili kwa pamoja: mwenyewe asiwe na hamu nalo, na asiwe amefilisika. (Nikiri doa moja: Duke wa sita, katika karne ya 19, alihamishia Hardwick fanicha na mazulia ya ukutani ili lionekane la kale zaidi. Hata usahaulifu wa matajiri huwa na fundi wa kuupamba.)

Ushahidi mzuri kuliko wote uko Haddon, karibu na mji mdogo wa Bakewell. Ukoo wa Vernon ulilimiliki, kisha likaangukia ukoo wa Manners kupitia ndoa ya Dorothy Vernon na John Manners mwaka 1563. Mwanzoni mwa karne ya 18 akina Manners walipata u-Duke wa Rutland, wakachagua kukaa Belvoir, kaunti ya jirani, na wakafunga Haddon. Lilikaa tupu kwa miaka 200. Hapakuja karne ya 18 na dari zake za plasta, wala ya 19 na mabomba yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, aliyekuwa mrithi na baadaye Duke wa tisa alilifungua na kutumia miaka mingi ya maisha yake kulikarabati kwa uangalifu. Ndani ya kanisa dogo la jumba, chini ya chokaa iliyopakwa wakati wa Matengenezo ya Kanisa, ikatokeza michoro ya ukutani ya karne ya 15. Waliopaka chokaa walitaka kuifuta, wakaihifadhi.

Haddon ndilo jumba ambalo ningempeleka mtu mwenye siku moja tu. Katika ukumbi mrefu vioo vya madirisha havikai sawa. Vidirisha vingine vimebonyea ndani, vingine vimetuna nje, kila kimoja kikidaka mwanga kwa pembe yake, na sakafu inakuwa kama maji yanayotikisika. Watakuonyesha pia ngazi ambazo Dorothy eti alishukia usiku kumtorokea mpenzi wake. Wasikilize kwa adabu. Hadithi hiyo ilinogeshwa na waandishi wa karne ya 19.

Calke, kusini mwa kaunti, linapindisha kanuni yangu kidogo, kwa kuwa lilikuwa makao makuu ya wenyewe na bado halikuguswa. Hawa akina Harpur Crewe hawakuwa na nyumba nyingine waliyoipenda zaidi; hawakupenda watu tu. Jumba lao lilijengwa mwaka 1701 hadi 1704, na kizazi baada ya kizazi kilirithi ile tabia ya kujitenga. Chumba kikijaa wanyama waliokaushwa na makorokoro, walifunga mlango na kuhamia kingine. Umeme uliingia mwaka 1962. Charles Harpur-Crewe alipofariki mwaka 1981, kodi ya mirathi iliyodaiwa ilikuwa mamilioni ya pauni, na ndugu yake akaona bora alitoe. Serikali ikachangia katika bajeti ya mwaka 1984, na mwaka uliofuata jumba likaingia mikononi mwa shirika la National Trust.

Waliokuja kuorodhesha mali walikuta masanduku yenye mapazia ya kitanda cha kifahari, hariri ya Kichina iliyotariziwa, zawadi ya karne ya 18 ambayo haikuwahi kutundikwa. Rangi zake ni kali kana kwamba fundi ameondoka jana, kwa kuwa jua halikuwahi kuziona. Shirika likafanya uamuzi wa ajabu: litaziba paa, litazuia unyevu, lakini rangi inayobanduka itaachwa ikibanduka. Mgeni hupita kutoka chumba kilichopambwa kwenda chumba chenye kuta zilizochunika na vitanda vya chuma vimerundikwa. Wapo wanaoona ni uvivu uliopewa jina zuri. Mimi naona ndiyo nyumba pekee ya kaunti inayokwambia ukweli kuhusu mwisho wa koo kubwa.

Kodi hiyo ya mirathi inafaa tuitazame kidogo, kwa sababu bila hiyo mgeni asingeingia katika nusu ya majumba haya. Duke wa kumi wa Devonshire alikuwa amemkabidhi mwanawe mali mapema, na sheria ilitaka aishi miaka mitano baada ya kukabidhi ili kodi isidaiwe. Akafariki Novemba 1950, miezi michache kabla ya muda kutimia. Kodi ilikuwa asilimia 80. Ardhi ikauzwa, michoro ya mabingwa ikaondoka, na mwaka 1956 Hardwick likakabidhiwa serikali badala ya fedha, kisha National Trust mwaka 1959. Mjane wa Duke wa tisa wa Devonshire, Evelyn, aliendelea kuishi humo hadi mwaka 1960. Yeye ndiye aliyekaa miaka akishona na kuokoa vitambaa vikuukuu vya jumba hilo.

National Trust, lililoanzishwa mwaka 1895, msomaji wa Pwani atalielewa haraka kuliko Mwingereza mwenyewe akiambiwa kwamba ni kama wakfu. Sheria ya mwaka 1907 ililipa uwezo wa kutangaza mali yake kuwa haiuziki wala haiwekwi rehani. Tofauti ni kwamba wakfu huu hauna sala wala madrasa. Una ada ya wanachama, duka la vitabu na chumba cha chai.

Chatsworth lenyewe lilinusurika kwa njia nyingine: biashara. Tangu mwaka 1981 jumba liko chini ya taasisi ya hisani, ukoo ukikaa humo kama wapangaji. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili lilikuwa tayari limepangishwa kwa shule ya wasichana, kwani Duke alipiga hesabu kwamba wanafunzi wataharibu kidogo kuliko wanajeshi. Mtu akikwambia Chatsworth ndilo jumba kuu la Derbyshire hajakosea: michoro, maktaba, chemchemi ya mwaka 1844 ambayo Joseph Paxton aliijenga itumie nguvu ya maji yanayoteremka kutoka kilimani bila pampu. Ila utembee ukijua kwamba kijiji cha Edensor kilichokuwa kikionekana kutoka jumbani kilibomolewa na kujengwa upya mahali pasipochafua mandhari.

Kedleston, karibu na Derby, walifanya vivyo hivyo. Nathaniel Curzon alipoanza jumba lake mwaka 1759 alihamisha kijiji kizima, akaliacha kanisa tu. Mbunifu Robert Adam akampa ukumbi wenye nguzo 20 za alabasta ambao haukukusudiwa kukaliwa na mtu yeyote. Ulikuwa wa kuonyesha, familia ikiishi ubavuni. Makao ya gavana wa Kiingereza mjini Kolkata yalijengwa kwa kuiga ramani ya Kedleston, na karne moja baadaye mtoto wa Kedleston, George Curzon, akaenda kuyakalia akiitawala India kuanzia 1899 hadi 1905. Aliyorudi nayo yamejaza vyumba vya chini. Kuna gauni ambalo mkewe Mary alivaa Delhi mwaka 1903, limetariziwa na mafundi wa Kihindi kwa nyuzi za dhahabu na mbawa za mbawakawa zinazometa kijani. Lipo ndani ya kioo, na jina la mbunifu wa Paris aliyelikamilisha linajulikana. Majina ya waliotarizi hayajulikani. National Trust lilipotoa ripoti mwaka 2020 likitaja majengo yake 93 yenye uhusiano na ukoloni au utumwa, Kedleston likiwemo, baadhi ya wanachama walikasirika kana kwamba wametukanwa. Sioni tusi. Ukiniuzia tiketi ya kutazama gauni, niambie na sindano.

Mpaka hapa nimesema ya matajiri tu, lakini jengo zito kuliko yote katika kaunti hii halina dari ya dhahabu. Ni kiwanda cha Cromford. Richard Arkwright, kinyozi na mtengeneza wigi, alikijenga mwaka 1771 ili gurudumu la maji lizungushe mashine za kusokota nyuzi za pamba mchana na usiku, wafanyakazi wakipokezana zamu, wengi wao wanawake na watoto. Ukuta wa upande wa barabara hauna madirisha chini, kama ngome, kwa hofu ya waliotaka kuvunja mashine. Nyumba alizowajengea wafanyakazi mwaka 1776 katika mtaa wa North Street bado zinakaliwa. Maji yenyewe yalitoka kwenye kijito na kwenye mfereji uliokuwa ukikausha mgodi wa risasi. Ya mgodini yalikuwa na uvuguvugu, hayakuganda wakati wa baridi. Lakini wachimbaji wa risasi wakachimba mfereji mwingine wa chini zaidi, maji yakahama, na kusokota kukafifia. Kwa hiyo kanuni yangu inafanya kazi hata kiwandani: Cromford lingekuwa na maji ya kutosha, lingevunjwa kupisha mitambo mikubwa zaidi. Karne ya 20 likageuzwa kiwanda cha rangi, na rangi hizo zikaacha udongo umejaa sumu ya risasi. Chama cha hiari cha Arkwright Society kilipolinunua mwaka 1979, kazi ya kwanza ilikuwa kusafisha. Mwaka 2001 bonde zima la viwanda vya Derwent liliingia orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia.

Na kutoka bonde hilo kuna uzi unaofika mpaka kwetu. Samuel Slater alizaliwa Belper, kilomita chache kusini mwa Cromford, akafunzwa kazi katika viwanda vya Jedediah Strutt, aliyekuwa mshirika wa Arkwright. Sheria ilikataza fundi wa aina yake kuhama nchi. Mwaka 1789, akiwa na miaka 21, alipanda meli kwenda Marekani bila mchoro hata mmoja. Mashine alizibeba kichwani. Huko Pawtucket akaziunda upya, na viwanda vya pamba vya kaskazini-mashariki mwa Marekani vikaota kutoka mbegu hiyo. Belper walimwita msaliti. Nguo ya viwanda vile, nyeupe isiyotiwa rangi, ndiyo wafanyabiashara wa Salem waliyoileta Unguja, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, na ndiyo iliyobebwa na misafara hadi bara kama fedha. Bibi zetu waliiita merikani. Jina ni la Marekani. Ufundi ulitoka Derbyshire.

Yapo mengine nisiyoweza kuyapitisha kimya. Ngome ya Bolsover, pamoja na banda lake la kufundishia farasi, inastahili nusu siku. Chini ya kanisa la Repton kuna chumba cha enzi za Wasaksoni chenye nguzo zilizosokotwa kama kamba, na kanuni yangu haikihusu, kwa kuwa kanisa lililo juu yake bado linasaliwa. Na kijiji cha Eyam ambako tauni iliingia mwaka 1665 ndani ya mzigo wa nguo kutoka London, wenyeji wakajifungia wasiambukize jirani, watu kama 260 wakafa. Nyumba zao zina watu ndani, kwa hiyo soma vibao bila kuchungulia madirishani.

Turudi Sutton Scarsdale. Unajua lilikuwa la nani mwishoni? Wazao wa Arkwright. Pesa ya pamba ililinunua katika karne ya 19, na mwaka 1919 mwenyewe akaliuza. Wanunuzi walikuwa wafanyabiashara ambao hesabu yao ilikuwa rahisi: mabamba ya risasi ya paa yana soko, mbao za kuta zina soko, jumba halina. Baadhi ya vyumba vilisafirishwa na leo vimo katika jumba la makumbusho la Philadelphia. Mwandishi Osbert Sitwell alinunua gofu mwaka 1946 lisije likabomolewa kabisa, na baadaye likakabidhiwa serikali.

Ukipanga safari, nenda kati ya majira ya kuchipua na ya kupukutika. Wakati wa baridi milango mingi hufungwa. Treni ya London hadi Derby au Chesterfield huchukua chini ya saa mbili, na Cromford lina kituo chake. Anza na Haddon, umalizie na Sutton Scarsdale: halina kiingilio, na usisahau mwavuli, maana ndani na nje mvua ni ileile.